Nani Atakwenda Masaka?

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mbele ya wajukuu na vitukuu wa Nduna Songea Mbano. Akasema anaona aibu. Akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wa watu hao. Akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha Songea, ambacho ukoo unaamini kilipelekwa Ulaya baada ya mwenyewe kunyongwa mwaka 1906. Hakutuma balozi wala hakuandika barua. Alifunga safari mpaka kule kusini akayasema mbele ya wenyewe.

Hebu piga hesabu, msomaji. Toka 1906 mpaka 2023 ni miaka 117.

Sisi tuliopita sekondari tunavijua Vita vya Maji Maji kwa ajili ya mtihani. Vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kulima, vikaenea kusini yote, vikazimwa 1907. Tumesoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka 1969. Swali la mtihani siku zote ni lilelile: kwa nini Waafrika walishindwa? Unajibu kwamba silaha zilikuwa duni na maji hayakuzuia risasi, unapata maksi zako, unakwenda zako. Kama vile kosa lilikuwa la maji! Wengi katika vita vile hawakufa kwa risasi hata kidogo. Walikufa kwa njaa, kwa sababu jeshi la Gavana von Götzen lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi, ili watu wanyooke. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Nchi nzima ya Wangoni na majirani zao iliachwa tupu, nyani na nguruwe mwitu wakawa ndio wakazi.

Siku moja tu kabla ya Songea, yaani Oktoba 31, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Naye alizungumzia ukatili wa Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema hauna kisingizio, akaeleza huzuni na majuto makubwa. Lakini msamaha hakuomba. Serikali yake ilikwisha kulipa wazee 5,228 mwaka 2013, jumla pauni milioni 19.9, nao walilipwa baada ya kesi mahakamani London. Pesa imetoka, huzuni imetoka, lile neno lenyewe bado.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuona. Sisi tuna neno pole. Ukijikwaa njiani, mtu asiyekujua anakwambia pole. Jiwe hakuliweka yeye, kidole si chake, lakini anakupa pole, na wewe unaitikia nimeshapoa. Ni neno zuri sana, sijui kama Wazungu wanalo. Lakini pole si samahani. Aliyekukanyaga akikwambia pole halafu akaendelea na safari, utamtazama mara mbili. Na juu ya samahani kuna kuomba radhi, ambapo mtu anajishusha mwenyewe na kukuachia wewe uamuzi. Mfalme Nairobi alitoa pole. Rais Songea aliomba msamaha. Hiyo ndiyo tofauti, na haikuhitaji mwanasheria kuiona. Hata bibi yangu aliiona kupitia redioni.

Tena sisi Wapare tunajulikana nchi nzima kwa mambo haya. Utani unasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli na ada ya kufungulia kesi ya kuku. Watu wanacheka, na sisi tunacheka nao. Lakini mimi nimekaa nyuma ya mabaraza ya wazee hapa Usangi tangu nikiwa mdogo, na nakwambia kesi ya kuku si ya kuku. Kuku ameshaliwa. Mtu anachotaka ni jirani yake asimame mbele za watu aseme, ndiyo, yule kuku nilimchukua mimi. Akishasema hivyo, mara nyingi mdai anasamehe hata ile faini, mnaendelea kuazimana jembe. Asiposema, watoto wa watoto watakuwa hawasalimiani na hawajui hata kwa nini.

Mkoani kwetu Kilimanjaro pia kuna deni la namna hiyo. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na kichwa chake inaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, amekitafuta miaka na miaka. Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Yaliyotoka Tanzania yalikuwa 202. Kwa vipimo vya vinasaba walipata ndugu walio hai wa mafuvu machache, mojawapo la Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana. Fikiria mafuvu 202 ya watu wetu, yamewekwa kwenye maboksi na kuandikwa namba!

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Mzungu alikosa, Mzungu aombe msamaha, sisi tukae mkao wa kuombwa. Lakini ukweli una miguu mingi. Wale waliochoma maghala Ungoni hawakuwa Wazungu watupu. Maafisa walikuwa Wajerumani, wachache, na askari waliobeba bunduki wengi wao walikuwa Waafrika, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ameandika riwaya nzima, Afterlives, yenye askari wa namna hiyo. Mkono ulioshika kiberiti ulikuwa na ngozi kama yangu. Nikishalijua hilo siwezi tena kusema kwamba mkosaji siku zote ni mtu wa mbali.

Sasa angalia tarehe. Novemba 1, siku ileile ya Steinmeier, lakini miaka 45 nyuma, yaani 1978, Redio Uganda ilitangaza kwamba eneo letu lote kaskazini ya mto Kagera limekuwa mali ya Uganda na mto ndio mpaka mpya. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia siku chache kabla. Eneo lenyewe ni kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Daraja la Kyaka walilivunja. Waliua raia, makadirio yanataja kama 1,500, walibaka, walichukua wanawake, waliswaga ng'ombe kwa maelfu, wakapora kiwanda cha sukari. Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa na kusema yale maneno matatu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayajua: uwezo, sababu, nia. Radio Tanzania ikampa Amin jina la Nduli, na mpaka leo jina hilo halijamtoka.

Jeshi letu lililokuwa na watu chini ya 40,000 lilikua likapita 150,000 kwa miezi michache. Humo walikuwemo mgambo kama 40,000, polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Walitoka kila kona, na milimani kwetu walitoka pia. Vijana ambao hawajawahi kuona Ziwa Viktoria walishushwa Kyaka.

Yupo mzee mmoja hapa kwetu aliyekwenda. Jina lake halinihusu kuliandika. Akiwa na kahawa yake ya tangawizi anaweza kukusimulia vita ile kuanzia asubuhi hadi adhuhuri: mvua ya Kagera, matope, viatu, BM 21 zinavyolia usiku, ambazo Waganda walizibatiza jina la Saba Saba. Anakusimulia walivyovuka mto. Anakusimulia Lukaya, Machi 1979, walipokutana na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Anakusimulia Kampala, Aprili 11, watu walivyofurika barabarani kuwapokea na kuwaita Bakombozi. Ni mzee mwenye kumbukumbu ya ajabu. Lakini mimi kwa vile nataka kuwa mwandishi wa riwaya nina tabia ya kusikiliza mahali mtu anaporuka. Yeye anaruka kati ya Kyaka na Lukaya. Nikamuuliza siku moja, "Babu, na Masaka?" Akasema, "Mjukuu wangu, Masaka tulipita." Akaagiza kahawa nyingine.

Kati ya Kyaka na Lukaya kuna Mutukula na kuna Masaka. Yaliyotokea huko si siri. Waandishi wawili wa habari wa Marekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, Tony Avirgan na Martha Honey, walifuatana na jeshi letu na kuandika kitabu kilichotoka 1982. Mutukula, ule mji wa mpakani, ulitekwa Januari 1979. Askari wetu, waliokuwa wameona maiti za Kagera kwa macho yao, waliulaza chini kwa buldoza. Raia waliobaki waliuawa. Habari zilipomfikia Nyerere alishtuka, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. Kisha Februari 24 ukatekwa Masaka, na siku iliyofuata Mbarara. Wananchi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Miji yote miwili ilibomolewa, majengo yakalipuliwa kwa baruti mengine hata baada ya mapigano kwisha. Sababu ilikuwa moja tu, inasemwa wazi: kulipiza Kagera.

Masaka haikuwa kambi tu. Ulikuwa mji wa watu, wenye maduka, kahawa, shule. Mwenye duka la vitambaa pale hakumtuma Amin Kagera. Huenda alikuwa anamchukia Amin kuliko sisi, maana yeye aliishi naye miaka minane.

Nikiyasema haya kijiweni huwa nazomewa. Mshikaji mmoja aliniambia, "Wewe unataka kuichafua nchi. Wao si ndio walianza?" Walianza, sikatai. Mwingine, msomi kidogo, akasema tuliwakomboa kwa gharama yetu wenyewe, sasa tuwaombe msamaha wa nini? Nalo ni kweli. Vita ilitugharimu kama dola milioni 500. Askari wetu 373 walikufa, 96 kati yao katika mapigano, wengine kwa ajali na mengineyo. Mwalimu alituambia tujifunge mikanda miezi 18, na wazazi wetu wanasema miezi hiyo 18 haikuisha. Mzee wetu Cleopa Msuya, mzaliwa wa hapahapa Usangi, alipokuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa 1980 alikabidhiwa nchi isiyo na sabuni wala sukari. Watu walijifunika mifuko. Gharama hiyo naijua, nimelelewa na watu walioilipa.

Lakini haya mambo mawili hayafutani. Vita ya kumtoa Nduli ilikuwa ya haki, na Masaka ilikuwa dhuluma. Mtu anaweza kuokoa nyumba ya jirani isiungue na bado akawa amemvunjia jirani mkono wakati wa kuzima moto. Hatasema, "Shukuru nyumba imepona." Angalau kwetu mlimani hatasema.

Na lile la "walianza wao" ndilo lililonifanya niandike. Maana Götzen naye alisema hivyohivyo. Kwa Wajerumani wa 1905 Wamatumbi ndio walioanza: waliwaua wageni, wakachoma vituo. Hilo lilitosha kwao kuchoma ghala la mtama la mama ambaye hakuua mtu. Nisilinganishe visivyolingana: Mjerumani alikuja kutawala, sisi tulishambuliwa ndani ya mipaka yetu. Tena mipaka ambayo Afrika nzima ilikubaliana Cairo mwaka 1964 isiguswe, na pendekezo lilikuwa la Nyerere. Hata hivyo yule aliyerudi akakuta nyumba yake ya Masaka ni kifusi hasomi sababu kwenye kifusi.

Upande wa pili nako kuna madeni. Watu 1,500 wa Kagera ni wengi mno kusahauliwa kwa sababu tu Amin alikimbia na kufia Jeddah mwaka 2003. Mwaka 2009, miaka thelathini baada ya vita, mtoto wa Amin, Jaffar Amin, alikwenda Butiama akakutana na mtoto wa Nyerere, Madaraka. Watoto wawili wa mahasimu walikaa pamoja pale kwenye kaburi la Mwalimu. Mimi jambo hilo limenigusa kuliko mikutano ya marais. Lakini lilikuwa jambo la familia mbili, na mtoto hana uwezo wa kusema kwa niaba ya jeshi.

Kuna njia nyingine, ya mahakama. Kongo iliishtaki Uganda kwa yale majeshi yake yaliyofanya Ituri na Kisangani kuanzia 1998. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ikasema Desemba 2005 kwamba Uganda ina hatia, na Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, kulipwa kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Uganda ikalalamika kwamba hukumu si ya haki, na bado Septemba mwaka huohuo ikalipa fungu la kwanza. Huyo ni jirani aliyelipa kuku huku akinuna. Pesa inasaidia, nani ataikataa? Lakini ukimweka pembeni ya Willy Brandt, Chansela wa Ujerumani Magharibi, aliyepiga magoti Warsaw Desemba 1970 mbele ya mnara wa Wayahudi waliouawa, bila kuamriwa na mahakama yoyote, unaona ni habari mbili tofauti. Picha ya Brandt akiwa magotini ilizunguka dunia nzima.

Sasa niseme linalotuhusu sisi tunaoandika, maana gazeti hili ni letu. Tunalalamika kila siku kwamba vitabu vya Kiswahili havina soko. Jirani yetu Uganda ana watu zaidi ya milioni 45. Julai 2022 baraza lao la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Tungeshangilia, na tulishangilia. Lakini waulize Waganda wa kule Buganda kwa nini lugha hii imechukua miaka yote hii kuingia. Watakwambia Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Kilikuwa lugha ya askari wa Amin kwenye vizuizi barabarani. Halafu wakaja wakombozi, nao wakaongea Kiswahili, kizuri zaidi, lakini bado na bunduki. Mwalimu wa Kiswahili anayekwenda kufundisha Masaka leo anaingia na lugha ambayo babu wa mwanafunzi wake aliisikia usiku majengo yakilipuka. Je, tutawapelekea riwaya gani? Za wakombozi tu?

Vita ile iliandikwa mapema, ikiwa bado ya moto. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka 1981. Nawaheshimu, walifanya kazi ya wakati wao, na majina ya vitabu vyenyewe yanakuonyesha macho yalielekea wapi: kwa Amin anayeanguka. Kazi yetu sisi tuliozaliwa vita imekwisha ni kutazama pale wazee wanaporuka. Sisemi kwa kuwahukumu. Yule babu wa kahawa alikuwa na miaka ishirini na kitu, kama mimi, alipopita Mutukula. Sijui mkono wangu ungefanya nini, nimetoka kuona kisima kilichojaa watu.

Wala simsemei Rais. Lakini nachukua mfano: Rais wa Tanzania anakwenda Masaka Februari 24 ya mwaka wowote. Haendi na mabilioni. Anasimama mbele ya watu wa pale, na awe na mkalimani wa Kiganda, aseme kwamba jeshi letu lilikuja kwa haki na hapa lilivuka mpaka wa haki. Na Rais wa Uganda aje Kyaka, aseme mbele ya watu wa Kagera yale ambayo Amin hakusema. Rais Museveni mwenyewe alikuwemo kwenye vita hivyo na kikundi chake cha Fronasa, upande wa Mbarara. Shahidi mkubwa kuliko yeye yuko wapi? Siku hizi linajengwa bomba la mafuta toka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, na linakatiza kusini mwa Masaka kuja kwetu. Tukiweza kukubaliana juu ya kila nati ya bomba hilo, sentensi mbili hazitushindi.

Wakati wenyewe si mwingi. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza majeshi yetu kule mstari wa mbele, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mzee Msuya tulimzika hapa Usangi Mei 2025. Wale wa vyeo vya chini hawatangazwi redioni, wanakwenda kimyakimya, mmoja hapa, mmoja Ugweno, mmoja Same kule tambarare, kila mmoja na kipande chake cha hadithi.

Mimi riwaya yangu nimeianza. Inaanzia Masaka, dukani, na mwenye duka ni Mganda. Sura tatu zimekwama kwa sababu sijui mtaa ulikuwaje, jua linachomoza nyuma ya kitu gani, wanawake wa pale wanamwitaje mteja. Hayo huwezi kuyapata kwa kukaa Usangi ukitazama Ziwa Jipe. Basi linatoka Bukoba, linapita Mutukula, linafika Masaka siku hiyohiyo. Nauli ya kwenda ninayo nusu. Nikipata nusu nyingine nitakwenda, na nimemwomba yule babu anipe barua niwapelekee. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema nimletee kwanza karatasi.